Robert Koch na dozi iliyoongezwa maradufu katika visiwa vya Sese



Mtu aliyekitambua kijidudu cha kifua kikuu aliwahi kuishi Dar es Salaam. Alipima damu za watu wa huko, akaonyesha jinsi papasi wanavyorithishana homa yao kupitia mayai, na mwaka 1906 akapiga kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, kuwatibu wagonjwa wa malale. Dawa aliyokuwa akiwachoma iliwapa wengi nafuu. Kipimo kilipoongezwa maradufu, watu 22 walipofuka wasione tena.

Mtu huyo ni Robert Koch, Mjerumani, na kila muuguzi amelisikia jina lake. Nimeona niyasimulie maisha yake leo kwa sababu ya jambo ninalolisikia kila wiki, huku Murang'a ninakofanya kazi ya dawa na hata nikirudi nyumbani Mombasa. Mgonjwa akiona dawa haijamsaidia upesi, huongeza. Akiona nafuu, huacha. Wote wawili huamini kuwa dozi ni maneno tu yaliyoandikwa kwenye bahasha ya vidonge. Maisha ya Koch yanatuonyesha kwamba hata mkubwa wa wakubwa katika fani hii alijikwaa papo hapo, na aliyeumia hakuwa yeye.

Koch alizaliwa tarehe 11 Disemba 1843 katika mji wa Clausthal, mji wa machimbo kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Nyumba yao ilikuwa na watoto 13, na baba yao alikuwa ofisa wa migodi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866, akaoa mwaka uliofuata, kisha akahudumu kama daktari katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya 1870 na 1871. Baada ya vita alipata kazi ya udaktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland.

Huko hakukuwa na maabara wala profesa wa kumwelekeza. Alikuwa na hadubini na chumba cha kutibia wagonjwa, na sehemu yake akaigeuza mahali pa kufanyia majaribio. Wilaya hiyo ilikuwa ikisumbuliwa na kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na kondoo na kuwapata watu pia. Mwaka 1876 Koch alionyesha kijidudu kinachouleta na jinsi kinavyojificha ardhini kwa miaka kikingoja mnyama mwingine. Hapo jina lake likaanza kuvuma. Mwaka 1880 alihamishiwa Berlin, na tarehe 24 Machi 1882 akawatangazia madaktari wenzake kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka uliofuata alikwenda Misri, kisha Kalkuta nchini India, kufuatilia kipindupindu, na chanzo chake nacho akakitambua.

Kufikia hapo Koch alikuwa mtu wa kutambua maradhi. Watu walitaka zaidi. Walitaka dawa, khasa ya kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukiua watu wengi mno Ulaya. Mwaka 1890, katika mkutano mkubwa wa madaktari mjini Berlin, Koch alidokeza kuwa amepata kitu cha kuuzuia ugonjwa huo. Kitu hicho kilikuja kuitwa tuberkulini: maji ya gliserini yaliyotolewa katika vijidudu vyenyewe vya kifua kikuu. Mwanzoni aliificha siri ya utengenezaji wake.

Hapa ndipo hadithi ya kipimo inapoanza. Koch aliijaribu kwanza kwa simbilisi, yule mnyama mdogo wa maabara, na akaona kuwa simbilisi anaweza kuchomwa mililita mbili au zaidi asionyeshe dhara kubwa. Kisha akajichoma mwenyewe robo ya mililita tu mkononi. Baada ya saa tatu au nne viungo vikaanza kumuuma, kikohozi kikambana, pumzi ikawa nzito. Saa ya tano akashikwa na baridi kali ya kutetemeka kwa karibu saa nzima, na homa ikapanda mpaka 39.6. Alipopiga hesabu kwa uzito wa mwili, aliona kuwa binadamu anaathirika kwa sehemu kama moja kati ya 1,500 ya kile ambacho simbilisi anakibeba bila shida.

Tuitazame hesabu hiyo vizuri. Kiasi cha dawa hakina maana mpaka useme kiasi hicho ni cha mwili gani. Kinachomfaa mtu mzima kinaweza kumuua mtoto. Kinachomfaa kijana mwenye figo nzima kinaweza kumrundikia sumu mzee ambaye figo zake zimechoka. Anayetumia unga kwa muda mrefu mwili wake huuzoea. Akikaa miezi gerezani au kwenye matibabu bila kutumia, kisha akarudia kiasi chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Kwa hiyo anayempa jirani dawa iliyobaki kabatini kwa sababu yeye ilimponya, hajampa kitu kilekile.

Koch aliona pia kwamba mtu mzima asiye na kifua kikuu hajali sana akichomwa sehemu moja ya mia ya mililita, lakini mgonjwa wa kifua kikuu hupandwa na homa kwa kiasi hichohicho. Laiti angeishia hapo, angekuwa amepata kipimo cha kutambua ugonjwa. Lakini dunia ilikuwa ikingoja tiba. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi wakitaka sindano hiyo. Wengine walipata homa kali, wengine wakafa. Mwanzoni mwa 1891 daktari mashuhuri Rudolf Virchow alitoa taarifa za maiti alizozipasua, akionyesha kwamba badala ya kuua ugonjwa, sindano ilikuwa imeuchochea na kuusambaza mwilini. Sifa ya Koch ilishuka vibaya. Hata hivyo tuberkulini haikutupwa. Ikasafishwa, ikapunguzwa mpaka kiasi kidogo sana, na hadi leo huchomwa ndani ya ngozi ya mkono ili kuona kama mtu amewahi kuambukizwa kifua kikuu. Kitu kilichowadhuru watu kwa wingi wake kinawasaidia kwa uchache wake.

Baada ya aibu hiyo Koch akawa msafiri. Mwaka 1893 aliachana na mkewe akamwoa Hedwig Freiberg, msichana ambaye pia alikuwa amekubali kuchomwa tuberkulini ya majaribio. Mwaka 1896 alikuwa Afrika Kusini akipambana na sotoka ya ng'ombe. Mwaka 1897 alikwenda Bombay kwa ajili ya tauni, na kutoka huko akavuka bahari mpaka Dar es Salaam, mji mkuu wa koloni la Wajerumani. Hospitali ya Ocean Road ilikuwa imefunguliwa mwaka huohuo. Koch alikaa hapo mpaka 1898, akichunguza malaria na maradhi ya mifugo.

Dawa ya malaria siku hizo ilikuwa kwinini, na wazee wetu wa mwambao waliujua uchungu wake. Kwinini inaponya, lakini pengo kati ya dozi inayoponya na dozi inayodhuru ni jembamba. Masikio kuvuma ni dalili ya mapema. Ikizidi sana, huathiri moyo na macho. Koch aliwaona Wazungu wa koloni wakishikwa na homa ya mkojo mweusi, ambapo damu huvunjika mwilini na mkojo hugeuka rangi, na akadai kwamba mkosaji ni kwinini yenyewe. Madaktari wengi wa wakati wake walimpinga. Baadaye ilikuja kuonekana kwamba homa hiyo iliwapata zaidi watu wenye malaria waliokuwa wakimeza kwinini ovyo, leo ndiyo, kesho hapana. Koch, basi, hakuwa mgeni wa wazo kwamba dawa inaweza kumgeukia mgonjwa. Alilijua, na aliliandika akiwa Dar es Salaam.

Mwaka 1905 alirudi Afrika Mashariki kwa utafiti wa homa ya papasi na mbung'o, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Wakati huo malale yalikuwa yakiteketeza watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Inakadiriwa kuwa Uganda pekee ilipoteza watu kama robo milioni katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo. Visiwa vya Sese vilipigwa vibaya. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Koch, Waingereza waliotawala Uganda wakamruhusu, na mwaka 1906 akafika Sese pamoja na wasaidizi wake. Alikuwa na miaka 62.

Dawa aliyoichukua iliitwa Atoxyl. Ndani yake mna aseniki, sumu ijulikanayo tangu kale, lakini watengenezaji walilichagua jina hilo kumaanisha kitu kisicho na sumu, kwa kuwa ilikuwa na ukali mdogo kuliko aseniki ya kawaida. Koch alianza na nusu gramu kwa sindano, siku mbili mfululizo, kisha akarudia baada ya wiki moja au siku kumi. Matokeo yalimfurahisha. Saa chache tu baada ya sindano, vimelea vya malale havikuonekana tena kwenye damu. Watu waliobebwa kwa machela walianza kusimama. Habari ikaenea na wagonjwa wakaja kwa mitumbwi, wakapita elfu moja.

Lakini vimelea vilirudi. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ubongo, nafuu haikudumu. Hapo Koch alikuwa na njia mbili: kukiri kwamba dawa hii imefika mwisho wa uwezo wake, au kuongeza. Akaongeza. Nusu gramu ikawa gramu nzima.

Wanafunzi wa dawa huelezwa jambo hili kwa michoro, lakini mimi hulieleza kwa harusi. Mwilini mna sehemu ambazo dawa hukaa ili ifanye kazi, mfano wa viti ukumbini. Wageni wa kwanza wakiingia, kila mmoja anapata kiti na shughuli inachangamka. Viti vikishajaa, wageni wanaoendelea kuingia hawaongezi raha yoyote. Wanasimama vichochoroni, wanaziba milango, wanaingia jikoni wasikotakiwa. Dawa nayo ni hivyo. Ikishafika kilele chake, kuongeza hakuongezi uponyaji. Kinachoongezeka ni dawa kuingia isikotakiwa: kwenye ini, figo, masikio, moyo. Kwa Atoxyl, isikotakiwa palikuwa kwenye mishipa ya fahamu inayopeleka mwanga kutoka jichoni hadi kwenye ubongo.

Sindano za gramu nzima ziliuma sana. Wagonjwa walipata kizunguzungu, kichefuchefu na msokoto wa tumbo, na baadhi yao wakaikimbia kambi. Hizo zilikuwa dalili, na mtu yeyote angezisoma kama zingekuwa mwilini mwake. Kisha wakaanza kupoteza macho. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni malale yenyewe. Ilipothibitika kuwa ni dawa, Koch aliirudisha dozi pale ilipokuwa, lakini kwa watu 22 ilikuwa imechelewa. Yeye mwenyewe aliwataja katika taarifa yake.

Tuna methali isemayo mgonjwa haulizwi uji. Ni methali ya huruma, ya kumpa mgonjwa anachohitaji bila kumsumbua. Pale Sese ilipinduliwa. Watu wa visiwa vile walikuwa chini ya utawala wa wageni, wanakufa, wala hawakuwa na nguvu ya kuulizwa wala ya kukataa. Wapo watakaosema kuwa hizo zilikuwa zama nyingine na kwamba bila sindano wangekufa. Ni kweli kwamba malale yasiyotibiwa huua. Lakini Berlin, alipotaka kujua tuberkulini inafanya nini, Koch alianza na mkono wake mwenyewe, na alipotetemeka saa nzima alijua amefika wapi. Gramu nzima ya Atoxyl ilipimwa kwa macho ya watu wengine.

Koch aliondoka Sese mwaka 1907. Alipendekeza wagonjwa watengwe kambini na kutibiwa huko, na Wajerumani wakajenga kambi hizo upande wao wa ziwa. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin katika taasisi yenye jina lake.

Msiba wa Atoxyl ulizaa kitu. Paul Ehrlich, aliyewahi kufanya kazi katika taasisi ya Koch, alikuwa Frankfurt akiichambua dawa hiyo na kuibadilisha kipande kwa kipande ili ipungue ukali. Kwa kila dawa mpya aliuliza maswali mawili. Ni kiasi gani kidogo kabisa kinachomponya mnyama? Na ni kiasi gani kikubwa kabisa anachoweza kukibeba bila kudhurika? Dawa nzuri kwake ilikuwa ile ambayo majibu hayo mawili yako mbalimbali. Mwaka 1909 yeye na Mjapani Sahachiro Hata waliiona nguvu ya dawa yao namba 606 dhidi ya kaswende, na mwaka 1910 ikaanza kuuzwa kwa jina la Salvarsan. Nayo ilikuwa na hatari zake, na dozi mbaya iliua watu. Lakini utaratibu wa kulipima pengo hilo kabla ya kuuza dawa umebaki mpaka leo.

Hapa ndipo Murang'a inapoingia. Dawa za ukoo huo ziliponya pia buba, ugonjwa wa vidonda uliowatesa watu wa vijijini Afrika Mashariki, wakiwemo wa wilaya zinazouzunguka Mlima Kenya. Miaka ya 1920, Murang'a ikiitwa bado Fort Hall, serikali ya kikoloni iliendesha kampeni za sindano dhidi ya buba, kwanza kwa dawa za aseniki, kisha kwa bismathi iliyokuwa na gharama ndogo. Vidonda vilivyodumu miezi vilifunga kwa siku chache. Watu waliokuwa na kila sababu ya kumshuku mkoloni walipanga foleni wenyewe. Imani kubwa ya watu katika sindano, ambayo sisi watu wa dawa tunakutana nayo mpaka leo, mizizi yake mingine iko hapo.

Lakini wengi walichomwa mara moja au mbili, vidonda vikafunga, wasirudi kumaliza. Ugonjwa ukabaki mwilini na kwa baadhi yao ukarudi. Sese dozi ilipita kiasi kwa uamuzi wa daktari. Huku milimani ilipungua kwa sababu mgonjwa aliona ngozi imepona akadhani na damu imepona.

Makosa hayo mawili bado tunayo majumbani. Mtu mzima mwenye malaria hupewa vidonge 24 vya mseto, avimeze mara sita kwa siku tatu pamoja na chakula. Siku ya pili homa ikishuka, vinavyobaki huwekwa kwa ajili ya safari nyingine. Vimelea vilivyosalia vinamshukuru. Kwa upande wa pili, mtu mwenye maumivu ya jino humeza parasetamoli kama njugu. Kwa mtu mzima mwenye afya, vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima ndio ukingo. Akiuvuka, maumivu hayapungui zaidi, lakini ini huanza kuungua kimya kimya, na siku ya kwanza anaweza asihisi lolote. Tena dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, kwa hiyo mtu anaweza kuuvuka ukingo bila kujua.

Dawa za kifafa, za moyo, za kulainisha damu na insulini pengo lake ni jembamba zaidi. Kila Ramadhani huwa kuna ndugu zetu wenye kisukari wanaojipangia wenyewe dozi ya insulini ya futari na daku. Mwendeeni daktari kabla ya mwezi kuandama. Ibada haipungui kwa kuuliza, na dini yetu imempa mgonjwa ruhusa yake.

Ukipewa dawa, uliza mambo manne kabla hujaondoka dirishani: nimeze kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi, na dalili gani ikitokea nirudi. Anayekuhudumia akionekana kukerwa, uliza tena. Na ukisikia masikio yanavuma, macho yanafifia au mwili unatetemeka, usingoje dozi imalizike ndipo useme. Watu wa Sese waliona dalili hizo kabla ya daktari wao, na hawakuwa na wa kumwambia. Wewe unaye.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.